Namna ya Kuiba Utafiti wa Ziwa Bila Kulowa Miguu

Mwongozo huu ni wa msomi wa Gitaza, wa Magara, wa Rumonge, au wa popote kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwenye haraka ya kupanda cheo na asiyevumilia harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwa. Cheo kinataka makala kwenye jarida. Makala inataka data. Data ziko ziwani, na ziwani kuna baridi ya usiku, kuna mawimbi, na kuna wavuvi wanaokuuliza maswali yao kwanza kabla ya kujibu yako. Njia ya mkato ni kuchukua kazi ya mwenzako, kuivua jina lake na kuivika la kwako. Wengi wamejaribu wakaumbuka, si kwa sababu wizi wenyewe ni mgumu, bali kwa sababu waliiba kijinga: hawakujua jarida linatazama wapi, na wapi limefumba macho.

Basi tuanze na mlinzi wa mlangoni.

Zamani mlinzi alikuwa kichwa cha mhariri mzee aliyesoma kila kitu. Akistaafu, anaondoka na lango lake. Mwaka 2008 Crossref, shirika linalowaunganisha wachapishaji wa majarida, lilianzisha huduma ya kulinganisha maandishi iliyoitwa CrossCheck, ambayo siku hizi inaitwa Similarity Check na inaendeshwa kwa programu ya iThenticate. Ukituma makala yako, programu inaipitisha kwenye ghala la mamilioni ya makala zilizokwisha kuchapwa na kurasa za intaneti, kisha inampa mhariri ripoti. Fungua ripoti hiyo uione: maandishi yako yamepakwa rangi, mstari mwekundu hapa, wa buluu pale, wa zambarau chini yake, kila rangi na namba ya mwenye mali pembeni, na juu kabisa kuna asilimia moja nono inayokutazama usoni.

Usidhani ni kitisho cha watoto. Mhariri Zhang Yuehong, wa jarida la sayansi la Chuo Kikuu cha Zhejiang huko China, aliandika kwenye jarida la Nature mwaka 2010 kwamba tangu Oktoba 2008 makala 692 kati ya 2,233 walizotumiwa zilikutwa na maandishi ya watu wengine. Hiyo ni asilimia 31, na ni ya mhariri mmoja aliyethubutu kusema hadharani.

Sasa, kuhusu ile asilimia. Mwanafunzi wa wizi huuliza: niiache ngapi? Anataka namba moja ya dunia nzima, kama nauli ya basi la kwenda Bujumbura. Namba hiyo haipo. Jarida moja hurudisha kila kinachozidi 20, jingine linaruhusu zaidi, na mhariri anayeijua kazi yake haitazami namba hata kidogo, anafungua ripoti na kusoma. Asilimia 30 iliyotawanyika kwenye vijisentensi vya mbinu na majina marefu ya taasisi inaweza kuwa safi kabisa. Asilimia 6 iliyokaa mahali pamoja, aya nzima ya mjadala iliyotoka kwa mtu mmoja asiyetajwa, ni wizi wa mchana. Kwa hiyo omba Mungu upate mhariri mvivu. Wapo wengi, na wana kazi nyingi, na hawalipwi.

Chukua mfano wa hapa nyumbani. Makala yoyote kuhusu Ziwa Tanganyika, iwe ya samaki, ya konokono au ya matope, haina budi kufungua kwa kutangaza kwamba ziwa hili ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, kwamba kina chake kinafika mita 1,470, na kwamba linamilikiwa na nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Iondoe sentensi hiyo, na nusu ya wanasayansi wa ziwa watakaa mbele ya kompyuta hadi jioni bila kujua waanzie wapi. Programu huipaka rangi kila inapopita, na mhariri huiacha ipite, maana kina cha ziwa si mali ya mtu. Hapo mwizi mwerevu anajifunza jambo: jifiche nyuma ya yale yanayojulikana na wote. Weka sentensi tano za namna hiyo mwanzoni, mhariri achoke kuzisamehe, kisha mshushie ya sita.

Na kama unadhani uko peke yako kwenye biashara hii, tulia. Mwaka 2018 Anke Rohwer na wenzake, akiwemo Elizabeth Wager aliyewahi kuwa mwenyekiti wa COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzia Uingereza mwaka 1997, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa majarida 100 ya tiba ya Afrika yaliyomo katika AJOL, ghala la majarida ya Afrika. Walipima makala 495. Zilizokutwa na sentensi za kunakili ni 358. Nusu ya hizo zilikuwa na sentensi moja au mbili tu, lakini 83 zilikuwa zimebeba mzigo wa kutosha kuitiwa polisi. Na katika majarida yale 100, yaliyokuwa na sera yoyote kuhusu jambo hili ni 26, na yaliyotaja kwamba hutumia programu ya kulinganisha maandishi ni 16.

Soma tena mstari huo wa mwisho, ndugu msomi. Hiyo ni ramani.

Hatua inayofuata ni kubadilisha maneno, na hapa ndipo wanyonge wengi wanapoangamia. Kuna programu za bure zinazochukua aya ya mtu na kuirudisha na visawe, kila neno limehamishwa kidogo ili mlinzi asilitambue. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha makala za Kiingereza zilizopita njia hiyo hadi zikachapishwa: saratani ya matiti ilikuwa imegeuka kitu kama hatari ya kifuani, na akili mnemba imekuwa fahamu ya kughushi. Wachunguzi hao wakatengeneza mtambo wa kuyasaka maneno yaliyoteswa hivyo, na hadi leo unaendelea kuwaumbua watu. Fikiria makala ya Gitaza ikipita kwenye mashine ya aina hiyo. Ziwa lenye kina kirefu litatoka kuwa dimbwi lenye mawazo mazito. Wavu wa kuinua utakuwa mtego wa kupandisha cheo, jambo ambalo, nikiri, si mbali sana na ukweli. Idadi ya samaki itakuwa sensa ya kitoweo. Mhakiki aliyewahi kuona ndagala, hata aliyekaangwa, atajua kwamba aliyeandika hayo hajawahi.

Tafsiri ni salama zaidi. Programu hizi zinawinda mfuatano wa maneno, na mfuatano wa Kifaransa ukigeuzwa Kiingereza hauachi nyayo nyingi. Hazina iko tele: Wabelgiji walilichunguza ziwa mwaka 1946 hadi 1947, Max Poll akaandika majalada juu ya samaki wake, na baada yake ripoti za Kifaransa zimeendelea kurundikana makabatini. Tafsiri aya, badilisha mwaka, umemaliza. Tatizo ni moja tu, na limewaponza wenzako: nusu ya watu wanaolijua ziwa hili wamelisoma kwa Kifaransa. Majarida mengi hukuomba upendekeze majina ya wahakiki. Pendekeza watu wa Norway.

Kuhusu orodha ya marejeo, iba yote. Sisemi kwa utani. Majarida mengi huiamuru programu iruke orodha ya marejeo, kwa sababu kila mtu anarejelea vitabu vilevile na rangi zingejaa bure. Maana yake ni kwamba sehemu pekee ya makala unayoweza kunakili neno kwa neno bila kuguswa ni ile inayodai kuonyesha ulichosoma. Makala ya Catherine O'Reilly na wenzake, iliyotoka kwenye Nature mwaka 2003 na kuonyesha kwamba joto la dunia linapunguza uzalishaji wa ziwa hili na hivyo samaki wake, inarejelewa kila mahali. Waliosoma muhtasari wake ni wachache kuliko wanaoitaja. Waliofika kwenye majedwali, sijui kama wanajaza mtumbwi. Aliyekosea herufi ya jina au namba ya ukurasa amewaachia wafuasi wake urithi, na kosa hilo hupita kizazi hadi kizazi bila programu yoyote kulipigia kelele.

Lakini haya yote ni wizi wa rejareja. Tuje kwenye jumla.

Mwanafunzi wa chuo ametoka Bujumbura, ameshuka kwa RN3 hadi Gitaza, barabara ile ambayo mvua ikikasirika huimwagia mlima au huitupa ziwani. Amekaa ufukweni siku nyingi. Usiku anasubiri mitumbwi itoke na taa zake, asubuhi anapima ndagala kwa mizani ya kuazima, mikono inanuka, daftari limelowa. Siku moja anamwendea mvuvi mzee anayeshona wavu.

“Mzee, mbona hamkutoka wiki hii?”

“Mwezi mpevu, mwanangu. Taa yangu na ile ya Mungu, ndagala atafuata ipi?”

“Kwa hiyo wanakwenda wapi?”

“Wanatawanyika. Wewe subiri giza lirudi, utawaona.”

Mwanafunzi anaandika. Miezi inapita, anatetea memwari yake, yaani tasnifu, anapongezwa, wanapiga picha. Memwari inafungwa jalada gumu na kuwekwa kwenye rafu. Haiko kwenye intaneti. Na kisichokuwa kwenye intaneti, kwa mlinzi wetu wa mlangoni, hakijapata kuandikwa.

Sasa wewe, uliyemsimamia kijana huyo, unaivuta memwari, unaifupisha, unaitafsiri, na pale kwa mzee na mwezi wake unaandika: “Imebainika kwamba mvuto wa mwanga bandia hupungua kwa kiasi kikubwa katika vipindi vya mwangaza mkubwa wa mwezi.” Imebainika. Sentensi tamu hiyo, haina mtu ndani. Unaituma. Ripoti inarudi na asilimia 4, na hizo nne ni kina cha ziwa. Mhariri anakuandikia kukusifu kwa uhalisi wa kazi yako.

Kijana akilalamika? Jarida litamsikiliza kwa adabu. Ushauri wa COPE ni kwamba mhariri hana uwezo wa kuamua ugomvi wa nani ni mwandishi wa nini. Suala linapelekwa kwenye taasisi walikotoka. Taasisi ni wewe. Wala usimnyime kila kitu: mpe mstari kwenye shukrani, “kwa msaada wake wa ukusanyaji wa data,” na kama una moyo wa huruma mfanye mwandishi wa nne, baada ya mkuu wa idara ambaye hajawahi kushuka kwenye gari.

Na mzee mwenye wavu? Huyo hata malalamiko hana, kwa sababu hajui kwamba ameibiwa. Ametajwa, kwa kweli. Ametajwa kwa jina la “wavuvi wa eneo husika”.

Ukiwa njiani kurudi Bujumbura simama Mugere. Kuna jiwe pale, juu kidogo ya barabara, lenye majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe ya 25 Novemba 1871. Waongozaji wa watalii wengine watakuambia kwamba wazungu hao walikutana hapo kwa mara ya kwanza, na hivyo Mugere imejinyakulia sifa ya Ujiji mchana kweupe bila kutaja chanzo. Walikuwa wameshakutana Ujiji kabla ya hapo; hapa walilala tu, wakiwa njiani kwenda kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliokuwa wakipiga makasia hawamo kwenye jiwe. Walipofika kaskazini, chifu mmoja aitwaye Ruhinga alikaa nao akawaeleza mito ya nchi yake mmoja baada ya mwingine. Swali lililowasumbua wanajiografia wa London, yeye alizaliwa na jibu lake.

Na sasa jambo linaloniudhi. Stanley, mtu asiyesifika kwa unyenyekevu, aliyekuwa na kila sababu ya kujipa sifa zote, aliporudi akachapisha kitabu mwaka 1872, na ndani yake Ruhinga yumo, kwa jina, na aliyoyasema yamehesabiwa kuwa yake. Mwandishi wa habari wa karne ya kumi na tisa, mwenye bunduki na dharau za wakati wake, alinukuu chanzo chake. Sisi tuna programu, kamati, fomu za maadili zenye saini, na tuna “wavuvi wa eneo husika”.

Watunzi wetu wa tenzi nao walikuwa na kinga yao dhidi ya mwizi. Beti za mwisho mtunzi hutaja jina lake, mara nyingine na ukoo, na wengine huhesabu beti zote na kuitia hesabu ndani ya utenzi wenyewe, ili mnakili asiongeze wala asipunguze.

Turudi kazini. Njia nyingine ya jumla, na ndiyo ya heshima kuliko zote, ni kualikwa kuwa mhakiki. Wenzako wanakuletea kazi mbichi mlangoni, haijachapwa popote, na wanakuomba uisome kwa siri. Miaka ya 1970 daktari kijana kutoka Iraki, Elias Alsabti, alikuwa akizunguka kwenye hospitali za Marekani. Jarida moja la Ulaya lilikuwa limetuma mswada Houston ili uhakikiwe na Jeffrey Gottlieb, bila kujua kwamba Gottlieb ameshafariki. Bahasha ikabaki kwenye barua za marehemu. Alsabti akaichukua, akaupiga chapa upya kwa jina lake, na ukachapishwa katika jarida jingine kabla mwenyewe hajafika popote. Alifanya hivyo na makala nyingi za wengine, hadi mwaka 1980 walipomgundua. Usidhani mambo hayo yalikwisha na mashine za kupiga chapa. Mwaka 2015 Michael Dansinger wa Boston alikataliwa makala yake na jarida la Annals of Internal Medicine. Mwaka uliofuata aliikuta imechapishwa kwingine kwa majina ya watu wengine, na wagonjwa wake wa Marekani wamehamishwa kwa kalamu hadi Ulaya. Mwizi alikuwa mmoja wa wahakiki. Dansinger alimwandikia barua ya wazi, na Annals wakaichapisha, bila kumtaja mwizi kwa jina. Ni barua ya upole sana. Mimi nisingeweza.

Kama huna bahati ya kualikwa, jiibie mwenyewe. Utafiti mmoja wa ndagala unaweza kukatwa kama samaki wa mukeke harusini: kichwa jarida hili, mkia jarida lile, katikati mkutano wa Nairobi, na mifupa ichemshwe supu ya ripoti ya mfadhili. Kila kipande kina utangulizi uleule. Hilo nalo wahariri wanalikataza, ila wanalihukumu kwa sauti ya chini, labda kwa kuwa wengi wao wamewahi kula.

Kwa wenye fedha kuna mlango wa mbele. Utapokea barua pepe inayoanza na “Mheshimiwa Profesa Mtukufu,” hata kama umemaliza memwari juzi, ikikualika kuchapisha katika jarida la kimataifa la kila kitu. Mlinzi hapo hayupo, kuna keshia. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon aliyapelekea majarida 304 yanayosomwa bure mtandaoni makala ya kubuni ya dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki makini asingeyakosa, na waandishi wa kubuni kutoka taasisi za Afrika zisizokuwepo, mojawapo eti iko Asmara. Majarida 157 yakaikubali. Nisichosahau ni hizo taasisi za Afrika. Alihitaji anwani ambayo hakuna mhariri atakayejisumbua kuitafuta, na akajua aitafute upande gani wa ramani.

Ukitaka asilimia sifuri kabisa, mlipe mtu akuandikie. Nairobi kuna vijana waliosoma vizuri, hawana ajira, wanaandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Ulaya na Marekani usiku kucha. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, ya Eloïse King, inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford akikutana nao. Kazi yao ni mpya, haijanakiliwa popote, na programu inaipitisha ikiimba. Kilichoibwa ni jina la mwandishi tu, na hilo halina rangi kwenye ripoti.

Sasa tuseme umekamatwa. Hutokea kwa bahati mbaya: mhakiki aliyepewa makala yako ndiye aliyeiandika ya kwanza. Usiogope, kwa sababu utaratibu unajulikana na umechorwa. COPE wana mchoro wa hatua kwa hatua kwa ajili ya wizi unaogunduliwa kabla ya makala kuchapishwa. Mhariri anamshukuru aliyeripoti. Anakusanya ushahidi. Anapima: ni vijisentensi vichache vya mtu ambaye Kiingereza si lugha yake, au ni kipande kikubwa cha kazi ya mtu? Kama ni kikubwa, anakuandikia barua, na akiweza anakuambatishia ile fomu uliyotia saini mwenyewe ukisema kazi ni yako halisi. Hapo usijibu kwa hasira. Soma majibu yanayokubalika, kwa sababu mchoro umeyaorodhesha: kosa lisilo la makusudi, maelekezo ya jarida kutokueleweka, au mtafiti kuwa mchanga sana. Chagua uchanga. Una miaka hamsini na mbili na wajukuu wawili, lakini katika fani ya kunukuu vyanzo u mtoto mchanga, na nani atabisha?

Jibu lako likiridhisha, utaambiwa urekebishe, au makala itakataliwa kwa maelezo ya kirafiki. Lisiporidhisha, itakataliwa kwa maelezo makali. Umeelewa? Makala ambayo haijachapishwa haiwezi kuondolewa. Adhabu ya kawaida ya kukamatwa mlangoni ni kwamba huingii kwa mlango huo, na majarida ni maelfu. Ukikamatwa baada ya kuchapishwa ndipo mambo yanachafuka: tangazo la kuondolewa linabaki na jina lako milele, neno la kufutwa linagongwa juu ya kila ukurasa, na tangu mwaka 2010 wale wa Retraction Watch, Ivan Oransky na Adam Marcus, wanaandika visa hivyo na kuvihifadhi. Mwaka 2023 peke yake makala zilizoondolewa duniani zilipita 10,000. Hata hivyo nyingi huendelea kurejelewa na watu walioiba orodha ya marejeo bila kusoma. Tumeshalizungumza.

Njia ya tatu ni kunyamaza, na mimi ndiyo ninayoipendekeza. Mhariri ataandika mara ya pili. Atawatafuta waandishi wenzako mmoja mmoja kwa anwani zilizokufa. Wote wakinyamaza, mchoro unamwelekeza aiandikie taasisi yako, na isipojibu, aikumbushe kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Miezi sita! Ndagala wamezaana, wamevuliwa, wameanikwa na kuliwa ndani ya muda huo.

Barua hiyo kwa taasisi inapelekwa kwa mkubwa wako. Kwa hiyo siku ile ya kwanza kabisa unapopanga majina ya waandishi, mweke mkuu wa kitivo wa pili. Atasoma malalamiko kwa makini, ataunda kamati ya watu watatu chini ya uenyekiti wake, na baada ya muda wa kutosha atajibu kwa karatasi yenye nembo na muhuri kwamba taasisi imelichunguza suala hili kwa kina na haikuona kosa. Kabla hajaituma atakupa rasimu uikague Kiingereza chake. Ikague vizuri, na aya ya pili ibadilishe kabisa, kwa sababu ameinakili kutoka barua aliyoiandika mwaka jana kwa ajili ya mwenzako, na mhariri ni yuleyule.